Muuza Magari Aliyetafuta Radhi

Hapana mlango mpana aliopata kuupita bila ya kutazama juu. Watu wengine wa mjini wakisimama mbele ya mlango hutazama nakshi na misumari ya shaba. Yeye alikuwa akivuka kizingiti, anaishika kofia yake kwa nyuma isianguke, anainua uso mpaka darini, kisha anatoa hukumu: "Humu mlikuwa na magari." Au: "Humu hamkupata kulala kitu ila karafuu."

Siri yake ilikuwa boriti. Dari za nyumba zetu za mawe hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu kuupita mkoko wenyewe. Ndiyo maana vyumba vya mjini ni vyembamba, kama vijia vyake. Lakini gari likitiwa katika chumba chembamba uzuri wake hauonekani. Linataka nafasi, linataka mtu alizunguke. Kwa hivyo matajiri wa mwanzo walioleta magari Unguja waling'oa boriti wakatia vyuma, na vyuma vile, hata vikipakwa chokaa mara ngapi, havijifichi. "Biashara hufa," alikuwa akisema, "dari ikabaki inasimulia."

Tulimwita Muuza Magari. Alikuwa na jina, tena jina zuri, lakini mjini hapana aliyelitumia, nami sitaanza leo. Tangu ujana wake aliuza magari katika duka moja lenye kioo kikubwa karibu na Darajani, mpaka lilipofungwa mwaka wa Mapinduzi. Baada ya hapo hapakuwa na gari la kuuza wala tajiri wa kumwajiri. Akapata kazi ya kupokea magunia katika ghala moja la Malindi, na watu wakaendelea kumwita vile vile, kama mwalimu anavyobaki kuwa mwalimu hata akiwa hana tena chaki mkononi.

Nilimjua kwenye foleni ya mchele. Lile duka lake la zamani lilikuwa limefanywa mahali pa mgao, na mimi nilikuwa nimesimama ndani, chini ya vyuma vyenyewe, nikitazama sakafu. Palikuwa na doa jeusi la mafuta ambalo miguu ya watu wote wale ilikuwa haijaliondoa.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema mzee aliyekuwa nyuma yangu. "Umesimama juu ya gurudumu la mbele."

Nikasogea. Nilikuwa sijamwelewa, lakini mimi nikiambiwa nimekosea husogea kwanza, nikafikiri baadaye.

"Lilikuwa likikaa hapa, limeelekea kioo," akaendelea. "Na huyu bibi aliye mbele yako yumo ndani ya injini."

Yule bibi akageuka, akasema kwamba yeye yumo ndani ya foleni tangu asubuhi, na kama kweli hapo pana injini basi Bwana aitie moto watu wafike mbele. Foleni nzima ikacheka. Muuza Magari naye akacheka, akaomba samahani, akatoa kitambaa cha manjano mfukoni akafuta nguzo ya mlango, ingawa haikuwa nguzo yake tena.

Hapa inanibidi niseme habari yangu kidogo. Mimi sikupata mwalimu wa kuchora. Nilijifunza kwa kunakili picha za makopo ya biskuti, kisha nyumba, kwa rula ya mbao niliyoichonga mwenyewe. Mtu aliyejifunza peke yake huwa na hofu moja isiyomtoka: siku yoyote atatokea mwenye kujua amuulize, nani aliyekufundisha hivi? Kwa hofu hiyo nilikuwa nikifuta kila mstari mpaka karatasi inatoboka. Na wakati ule nilikuwa nimejitia azma kubwa kuliko uwezo wangu. Nilitaka kuchora kila nyumba ya mjini iliyopata kuwa duka la magari, moja moja, bila ya kukosea hata dirisha.

Sababu yake ni ya kitoto. Mama yangu alipokuwa akinipeleka sokoni alizoea kusimama nami mbele ya kioo kile cha Darajani. Hatukuwa watu wa gari. Sisi na gari tulikutana kwenye kioo tu, naye akinambia nichague, nami kila siku nikichagua lile lile la buluu. Kioo kilipotolewa na mahali pake pakajengwa ukuta, niliona kama mtu amechukua kitu cha mama yangu, nikataka kukirejesha hata kwa penseli.

Nilimweleza Muuza Magari hayo tulipotoka na mchele wetu. Hakunicheka. Alisema anazijua nyumba zote zile, na atanionyesha, kwa sharti moja: nimuazime macho. Yake yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, namba za magari hazisomi tena, na rangi mbili zilizo karibu anaziona moja. Yeye naye, alisema, anatafuta. Nilidhani anatafuta magari.

Alivaa kanzu na koti jeusi, jua liwe kali lisiwe kali. Kile kitambaa cha manjano ndicho alichokuwa akifutia magari dukani, na duka lilipofungwa alitoka nacho, basi. Hakikutulia mfukoni. Akifika kwenye baraza huifuta kabla ya kukaa, akipewa kahawa hufuta kikombe, nami siku moja ya joto alinifuta uso mbele ya watu kama anayeng'arisha taa ya mbele. Urefu wa kila kitu aliupima kwa magari. Kichochoro cha Kiponda kilikuwa "nusu gari", sebule ya nyumba yetu "gari moja na mlango hufungui". Na gari aliloliuza yeye, hata awe amelinunua nani na limepita mikono mingapi, alikuwa akiliita langu. "Hilo langu," ananinong'oneza, na mwenye gari yuko mbele yetu anaendesha.

Kila gari alipokuwa akimkabidhi mnunuzi alilifanyia dua fupi na kulirushia marashi kwa mrashi wa fedha, mbele na nyuma, kama bibi harusi anayetolewa nyumbani. Tajiri wake alikasirika mara ya kwanza kwa kuogopa madoa. Wanunuzi wakapenda, tajiri akanyamaza, na mwisho akawa ananunua marashi mwenyewe.

Lakini kuendesha hakujua. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote. Ameuza magari umri wake mzima na hajapata kushika usukani barabarani. Ndani ya basi alifumba macho kila kona. Siku nilipomuuliza alinijibu kama mtu aliyeulizwa mara nyingi.

"Ningejua kuendesha ningejua kasoro zake. Na anayejua kasoro, ulimi humwia mzito."

Alikuwa na maneno mengi juu ya kusifu, kwa sababu kusifu ndiyo kazi yake. "Mnunuzi haji kununua gari, anakuja kusikia kwamba hakukosea." Na jingine, ambalo alilisema kwa sauti ndogo: "Sifa ni bizari, uongo ni sumu, na vyote viwili hutiwa kwa kijiko kimoja."

Usidhani hakukosea. Nyumba moja ya Shangani aliiapia. Alitazama juu akaona chuma, akanambia hapa palisimama magari mawili, moja jekundu moja jeusi. Nikaichora siku kadhaa, nikaitia wino. Nilipompelekea mchoro bibi mmoja anayekaa ghorofani, aliyezaliwa humo, alitazama akasema mchoro ni mzuri ila pale palikuwa kiwanda cha soda, na vile vyuma viliwekwa kubeba matangi. Nikarudi kwa Muuza Magari nikiwa na ile karatasi mkononi. Akaja mwenyewe, akavuka kizingiti, akashika kofia, akatazama juu tena kwa muda mrefu.

"Basi walikosea wao," alisema. "Mahali pa magari wakatia soda."

Mimi sikuweza kucheka. Niliichana ile karatasi pale pale. Yeye akaokota kipande kikubwa, akaenda akanunua kashata akazifungia humo, akanipa. "Mchoro wako ulikuwa hauna ila wala kasoro," akanambia. "Nyumba ndiyo yenye ila. Kula." Nilizila, lakini nakiri kwamba kwa wiki nzima nilizunguka kwa njia nyingine nisionane na bibi wa ghorofani.

Katika kutafuta nyumba ndipo tulipokuwa tukiyaona magari. Yalikuwa machache na mazee, maana mapya hayakuwa yakija, na vipuri havipatikani ila kwa kumvua aliyekufa kumvisha aliye hai. Moja jeusi la Malindi lilikuwa likikodishwa kwa harusi, nusu yake ni lenyewe na nusu nyingine ni ya magari manne tofauti. Jingine, huko Mbweni, lilibaki bodi tu na kuku wanalala humo. Na moja la Mkunazini sitalisahau. Mwenyewe alilitia uani kwake zamani, kisha mtoto wake alipooa wakaongeza chumba, chumba kikala njia, na gari likabaki ndani ya nyumba kama kokwa ndani ya embe. Halikutoka tena. Wajukuu wakidurusu Kurani kwenye kiti cha nyuma, na babu yao mchana akilala kiti cha mbele.

Popote tulipokwenda Muuza Magari alinituma mambo. Niende nikatazame namba, niende nikaone kama kioo cha nyuma kina ufa. Nikirudi namkuta amekwisha kusema alilotaka kusema, na mwenye gari ama anacheka ama ameinama. Sikumuuliza. Nina tabia ya kudhani kwamba kila kinachonong'onwa nanong'onwa mimi, na nilichelea kwamba anawaambia juu ya michoro yangu. Nilijua ukweli pale Mkunazini, nilipotumwa kutazama gari lililokuwa hatua chache tu, na sauti zikanifikia.

"Nilikwambia litakufikisha Makunduchi na kurudi halijaomba maji," alikuwa akisema. "Nilizidisha. Nakuomba radhi, ndugu yangu, kabla hatujafukiwa."

"Lilikunywa maji kuliko ng'ombe," alijibu yule mzee. "Sikupi."

"Hunipi?"

"Sikupi. Nikikupa radhi hutakuja tena, na mimi hapa nakaa na gari lisilokwenda na watoto wasiosikia. Njoo Ijumaa uniombe tena."

Akawa anakwenda. Kila Ijumaa baada ya sala anaomba, ananyimwa, wanakunywa kahawa.

Ndivyo nilivyofahamu kwamba hakuwa akitafuta magari. Alikuwa akiwatafuta aliowauzia, mmoja mmoja, kuwaomba wamwachie zile sifa alizozidisha. Wapo waliohama, na hao aliwaombea mbali. Waliobaki aliwafuata. Wengi walimsamehe kabla hajamaliza kusema. Dereva mmoja wa gari la kukodi alimwambia kwamba zile sifa ndizo zilizomfanya alitunze, maana aliona haya kuwa na gari lililosifiwa vile likawa chafu.

Nilimuuliza siku moja tukiwa tumekaa ukutani, mbele ya gati la Malindi, kama bado wengi. Akafuta mahali pa kukaa, akafuta tena.

"Yuko mmoja," alisema. "Huyo si wa bizari."

Akanihadithia. Gari lilikuwa linateremshwa kutoka melini kutiwa kwenye tishali la kupeleka mizigo pwani, kamba ikakatika, likaangukia baharini, hapo hapo tulipokuwa tukipatazama. Maji hayakuwa mengi. Wakalivuta jioni hiyo hiyo. Tajiri akaamuru lioshwe kwa maji ya kisima, lianikwe, lipakwe rangi upya, na atakayefungua mdomo ajitafutie kazi kwengine. Likatiwa kwenye kioo cha Darajani. Akaja mfanyabiashara wa mbata, nazi kavu, kutoka Bumbwini, mtu mpole, akalizunguka, akasikiliza sifa zote hadi mwisho. Kisha akauliza neno moja: "Halina ila?"

"Nikamwambia, halina."

Wachukuzi walikuwa wakipita na magunia, akawangojea wamalize kama vile wangeweza kusikia.

"Sifa nilizozitia maishani mwangu ni nyingi," akasema. "Uongo ni huo mmoja. Aliniuliza kama anavyouliza Muislamu, na mimi nikajua anavyotakiwa Muislamu ajibu. Mtu akiniwahi kwa Mungu, ni huyo."

Nikamuuliza lilikuwa rangi gani. Akasema buluu. Niliondoka pale nikijua kwamba gari nililokuwa nikilichagua kila siku kwenye kioo, na mama ananishika mkono, lilikuwa na chumvi ya bahari mbavuni mwake.

Sasa utadhani mtu huyu angekwenda Bumbwini kesho yake. Basi la mbao linakwenda kila siku kutoka Darajani. Hakwenda. Mzee aliyetembea na jua lote kuomba radhi kwa gari lililozidi kunywa maji, kwa honi iliyosemwa inalia kama tarumbeta, alipofika kwenye hilo moja akawa na udhuru. Mara mguu, mara mvua. Tulifika mpaka kwenye basi lenyewe mara moja, akakumbuka ghafla kwamba hakumwachia funguo mwenzake wa ghalani. Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Mimi nami huanza na madirisha madogo, nikiuacha ule mlango mkubwa wenye nakshi, na mchoro wangu hauishi, kwa sababu ukisha utaonekana.

Habari alituletea dereva wa basi hilo. Alikuwa akimjua Muuza Magari na akijua anauliza-uliza magari ya zamani. Alimwambia kwa wema tu, kama mtu anayempa mwenzake tetesi ya sukari, kwamba kule Bumbwini lipo moja la buluu, marehemu aliliacha nyuma ya nyumba, na fundi wa majiko ya makaa amekwisha kuja kulipima bati.

"Marehemu?" aliuliza Muuza Magari.

"Naam. Wa mbata. Mwaka sasa."

Nilimwona anatia mkono mfukoni, kitambaa kikatoka, pasiwe na cha kufuta. Alikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa. Niliogopa kusema kitu nikakosea. Mwishowe alisema mwenyewe, "Mwenye haki akifa, haki haifi. Wapo warithi." Tukapanda. Safari hii hakufumba macho kwenye kona, na macho yenyewe wakati huo yalikuwa yamebaki kuona mwanga na vivuli.

Mjane alikuwa amekaa uwanjani kwake akipota kamba za usumba wa nazi. Nilipiga hodi, nikaamkia, "Shikamoo, Bi," akajibu marahaba bila ya kusimamisha mikono. Nilikuwa sijafikiri nimtambulishe vipi mwenzangu. Muuza Magari akafika penye kibao alichoonyeshwa, akakifuta, akakaa.

"Wewe ndiye muuzaji," alisema bibi. "Nimekujua kwa kitambaa."

Akasema naam, ndiye. Akasema amekuja kwa haki ya marehemu. Akaeleza yote, kamba iliyokatika, maji ya kisima, rangi, suala la marehemu na jibu lake. Hakumtaja tajiri kwa ubaya. Alisema tu, "Niliulizwa mimi, nikajibu mimi." Gari lenyewe lilikuwa linaonekana pembeni ya nyumba, chini ya makuti, buluu yake imebaki kwenye paa tu, huko kwengine kutu tupu, na kuku mmoja ametoa kichwa dirishani.

"Alijua," alisema bibi.

"Alijua nini?"

"Kwamba lina jambo. Akinihadithia alipokuuliza, ukasema halina, kisha ukafuta mahali palipokwisha kuwa safi. Alirudi nalo anacheka. Mvua za kwanza zikatoa simbi ya bahari chini ya kiti cha nyuma. Akasema, gari hili limekuja kwa kuogelea."

"Mbona hakuja kunisuta?"

"Alilipenda. Na akizipenda sifa zako. Hapana mgeni aliyekuja hapa asipelekwe kulitazama, na marehemu akamsemea kwa sauti yako, mkono hivi, mkono vile. Mwaka huu mzima nyumba kimya." Alikaza kamba kwa kidole cha mguu. "Kabla hajafa alisema mbele yangu na mbele ya wanawe, hana dai na mtu. Wewe umo."

Muuza Magari alisema alhamdulillahi, akaanza kutafuta fimbo aliyokuwa akitembelea tangu macho yalipozidi. Mimi nami nilikuwa nishainuka.

"Lakini mimi hukuniomba," alisema bibi.

Tukakaa.

"Yeye alikuwa akishika usukani. Mimi ndiye niliyekuwa nikisukuma. Likizima, mimi. Mvua, mimi. Mwanangu wa pili nilimzaa njiani, hatujafika Mahonda, limezima na mimi nimelisukuma mpaka uchungu ukanishika. Yupo, mzima, Mungu amemweka. Lakini ulisema halina ila, na ila nimeibeba mimi."

Mimi nilikuwa na karatasi magotini, na mkono wangu, kwa kuogopa kutazama watu, ulikuwa unachora gari. Mchoro huo ninao. Gurudumu moja ni kama yai, na kuku ni mkubwa kupita kiasi. Sijaufuta.

"Nifanye nini, Bi, uniwie radhi?" aliuliza mwisho.

"Niuzie," alisema. "Mimi sikuuziwa. Aliuziwa yeye. Simama uniuzie, zote zile sifa, na lile ulilolificha ulitie humo humo. Nikilipenda nitakwambia. Nisipolipenda fundi wa majiko anakuja kesho."

Akasimama. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari. Pale alipapasa boneti kwa kiganja, akapata mbawa ya mbele, akarudi nyuma kidogo kama anavyosimama mtu ambaye kuna kioo nyuma yake. Kisha akatoa kitambaa cha manjano, akanipa mimi nimshikie.

"Tazama, Bibi," alianza, na sauti ilikuwa nyingine, ya duka, ya watu wanaosimama nje kusikiliza. "Tazama mstari wake, kuanzia taa mpaka mkia, kama umevutwa kwa pumzi moja. Fungua mlango, usikie unavyofunga." Mlango ulikuwa haupo. Akautaja hivyo hivyo. "Viti vya ngozi. Honi ya kumwamsha mwadhini. Rangi yake ni ya mbingu ya asubuhi, na rangi hiyo, Bibi, ni ya pili, kwa sababu ya kwanza iliharibiwa na maji ya chumvi. Gari hili lilianguka baharini Malindi. Lilioshwa, halikupona. Lina kutu ndani ya mbavu ambako mkono haufiki. Litakuzimia njiani, litakuzimia penye mvua, litakuzimia siku unayolihitaji kuliko zote. Sijapata kuliendesha mimi, wala gari jingine lolote. Nakusifia kitu nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba palikuwa na watoto wakija kulitazama na mama zao, wakirudi nyumbani na furaha. Na mtu mmoja wa Bumbwini alilijua lina ila akalipenda. Nakuuzia kama lilivyo, na ila zake."

Bibi alikuwa amekwisha kuacha kupota. Alilizunguka gari polepole, kama anavyostahiki kufanya mnunuzi, akaweka mkono nyuma kabisa, pale panaposukumwa.

"Nimelipokea," alisema. "Na ila zake."

Muuza Magari akatia mkono mfukoni, akapapasa, akatia na mkono wa pili. Nikakumbuka kwamba ninacho mimi. Nikampa kitambaa chake. Hakufutia gari. Alikiinua mpaka machoni.